Jinsi ya kuweka ², ½ na × kwenye websaiti zisitoke vitu vya ajabu

Nyie mnaotengenezea madalali wa viwanja websaiti hapa Dodoma hii inawahusu. Umeandika kiwanja Ihumwa, 600 m², kwako kiko fresh kabisa, mteja akifungua anaona 600 mÂ², hiyo Â imetokea wapi hata huelewi. Kilichotokea ni kwamba faili limeseviwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti), ambao ² inakaa baiti mbili, afu brauza ikalisoma kwa mfumo wa zamani wa baiti moja herufi moja.

Dawa yake ni namba. Kila alama ina namba yake kwenye Unicode (orodha kubwa ya herufi na alama), we unaandika &, unafuatisha #, namba yenyewe, unafunga na nukta mkato, usiache nafasi katikati. Yani m&#178; inatoka m². Hapo umetumia herufi za kawaida tupu kwa hiyo brauza haina cha kuchanganya.

Kwa kazi zetu hizi, 20&#215;30 inatoa 20×30 (ile x ya kwenye kibodi inakaa kishamba bwana), &#189; ni ½ kwa wanaouza nusu eka, &#169; ni © ya kule chini. Unauza zabibu za Hombolo? Weka &#127815; kinatokea kishada 🍇, ila simu ya zamani inaweza kuonyesha kiboksi kitupu, hapo hujakosea, fonti ya simu ndo haina hiyo picha.

Ukikutana na &#xB2; ni ileile 178, imeandikwa kwa heksadesimali tu (hesabu ya kumi na sita).

Sasa linalosumbua wengi, ukurasa unaonyesha &#178; vilevile ulivyoiandika. Angalia code ya ukurasa, utakuta imegeuka &amp;#178; kwa sababu uliandika kwenye edita ya websaiti upande wa maandishi ya kawaida na yenyewe ikaigeuza &, hamia upande wa HTML uandike huko. Kwenye content ya CSS (lugha ya kupanga muonekano wa ukurasa) hizi hazifanyi kazi, kule ni "\00B2". Na namba 128 mpaka 159 achana nazo, dashi ndefu kidogo ni &#8211; sio &#150;.

Ila mimi bado ningeanza na <meta charset="utf-8"> juu kabisa ndani ya head, ukishaweka hiyo na faili likiwa UTF-8 kweli, ² unaiandika moja kwa moja tu, namba unabaki nazo kwa vitu kama &#60; pale unapotaka < ionekane kama maandishi na brauza isidhani ni tagi.