Jinsi ya kujitengenezea mashini ya kukunja bati nyumbani (kazi yote iko kwenye bawaba)

Kama ushawahi kukunja bati kwa mbao mbili na nyundo basi wajua taabu yake, mkunjo watoka na mawimbi kama bahari ya kusi na kila ukigonga kunyoosha bati linazidi kutanuka na kuharibika. Shangazi yangu auza viazi karai Kongowea, Mombasa, akataka treyi ya bati yenye kingo za kusimama, nkahangaika nayo jioni mbili nzima na bado pembe hazikulingana, hapo ndo nkaamua nitengeneze mashini. Saa hii iko uani kwetu, nimekunja nayo treyi, gata za mvua, visanduku vya kufunikia swichi. Ntawaeleza vile niliijenga na hasa pale ambapo wengi wanakosea.

Yenyewe ni engo tatu tu, vile vyuma vya umbo la L. Ya kwanza ni kitanda, imefungwa kwa meza na haitembei. Ya pili naiita bawa, inakaa mgongo kwa mgongo na kitanda, juu ziko sawasawa, na ndiyo inayoinuka kukunja bati. Ya tatu ni kibano, inalala juu ya kitanda kulikamata bati lisiteleze. Ukiinua bawa, bati linafuata.

Chukua engo ya inchi 2 kwa 2, unene milimita 6, na usikubali nyembamba hata ukiambiwa ni bei rahisi. Mashini yangu ya kwanza niliifanya ya futi 4 kwa engo ya milimita 3, pembeni mkunjo ulifika nyuzi 90 vizuri lakini katikati ulibaki umefunguka, kumbe chuma chenyewe kilikua kinapinda pamoja na bati. Na urefu ndo adui mkubwa, ukizidisha urefu mara 2 kwa engo ile ile, katikati kunalegea mara 16, si mara 2, kwa hivyo anza na futi 2 na utafanya kazi nyingi sana nayo. Futi 2 kwa engo ya milimita 6 mimi nakunja mpaka geji 18, ile ya kama milimita 1.2, na mabati mepesi ya geji 28 na 30 ni kama kukunja karatasi.

Dukani engo inauzwa ya mita 6, wewe wahitaji kama mita 2 pekee, kwa hivyo tafuta vipande kwa mafundi wa mageti ama kwa wanaouza chuma chakavu kwa kilo. Mita 1 ya engo hii ina karibu kilo 4 na nusu, jumla ni kama kilo 9, piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Chagua iliyonyooka: weka mbili mgongo kwa mgongo, ziinue uelekee jua, ukiona mwanga wapita katikati rudisha hizo uchukue zingine.

Sasa bawaba, na hapa naomba usome polepole. Bawa likizunguka lazima lizunguke kwa ule mstari wa juu kabisa pale engo mbili zinapokutana. Yaani katikati ya pini ya bawaba iwe juu ya mstari huo huo, isiwe chini yake, isiwe mbele yake. Ukichomelea bawaba chini kwa chini kama ya mlango, bawa likiinuka linasukumana na kitanda, ama linaachana nacho na bati linakunjika kwa duara kubwa badala ya pembe. Mimi natumia bawaba za geti za kuchomelea, zile za duara zenye pini ndani. Pima unene wa bawaba, gawa kwa 2, halafu kwenye ncha za engo zote mbili kata pengo la kipimo hicho, kwenda chini na kwenda ndani, urefu wa bawaba nzima. Bawaba ya milimita 16 inataka pengo la milimita 8 kila engo. Bawaba ikilala humo nusu yake inatokeza juu, ni sawa kabisa, bati lako litapita katikati ya bawaba mbili, ndo maana engo ikatwe kama sentimita 70 ukitaka kukunja futi 2. Na bawaba mbili zielekee kinyume, moja pini itazame kushoto nyingine kulia, la sivyo bawa litateleza kando na kuchomoka.

Kabla ya kupiga weldi funga engo mbili pamoja kwa klampu, juu ziwe sawa, kisha piga vidoti tu, rodi ya weldi ya milimita 2.5 yatosha. Fungua klampu, inua bawa mpaka nyuzi 90 na zaidi. Likikwama, vunja kidoti urekebishe, ni rahisi sasa kuliko baadaye. Likizunguka laini ndo umalizie, kidogo huku kidogo kule, uache kupoe, sababu joto likizidi upande mmoja engo inapinda na hakuna nyundo itairudisha vizuri.

Jambo moja la kwetu huku pwani: usichomelee chini ya makuti wala karibu nayo, cheche ya graenda inaruka mbali na makuti makavu hayangoji. Na chuma chenye zinki, ile rangi ya fedha ya mabati, kwangua zinki yote pale utakapochomelea na ukae upepo unapopita, moshi wake unaleta homa na kifua kubana.

Kibano ni engo ya tatu, ubavu mmoja umelala juu ya kitanda, ule mwengine usimame upande wa nyuma. Makali ya mbele yasage kwa mshazari ili bawa lipate nafasi ya kupita nyuzi 90, utaihitaji hio nafasi. Toboa ncha mbili kwa bolti za milimita 12, na matundu ya kibano yatanue yawe marefu kidogo uweze kukisogeza mbele na nyuma. Kwa bati la milimita 1.2 nakirudisha kama milimita 2 kutoka mstari wa pini, kwa bati jembamba nakisogeza karibu zaidi. Weka springi chini yake kwenye kila bolti, ukilegeza nati kibano kinainuka chenyewe. Mgongoni chomelea flatiba, yaani chuma bapa, ya kusimama kwa urefu wote, bila hio katikati hakutabana.

Mikono ya kuinulia ni vipande viwili vya paipu, kama sentimita 50, chomelea kwenye bawa.

Bati likiachiwa hurudi kidogo, kwa hivyo ukitaka 90 lipeleke mpaka 93 ama 95, stenilesi inarudi zaidi. Kabla ya kazi ya maana kata ukanda wa milimita 100, kunja katikati, pima pande mbili kwa nje ujumlishe. Itazidi 100, pengine kwa milimita 2, na hicho ndo kipimo cha kupunguza kwa kila mkunjo unapochora.

Paka redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi, na pale pasipopakwa, juu ya kitanda na kwenye pini, paka oili kila ukimaliza, hewa yetu ya chumvi inaleta kutu kwa usiku mmoja.

Kuhusu treyi: kata pembe nne kwanza, kunja pande mbili zinazotazamana. Zile mbili za mwisho kibano kirefu hakiingii, kingo zilizosimama zinakizuia, kwa hivyo kata kibano kingine kifupi kuliko upana wa ndani wa treyi ukibane kwa klampu za mkono. Mimi ninavyo vitatu, vya inchi 8, 12 na 16, na ile treyi ya shangazi ilitoka na cha 12.