Namna ya Kufuatilia Chimbuko la Neno la Mitaani: Mfano wa "Bongo"

Anayetaka kujua asili ya neno la mitaani aanze kwa kulisikiliza likiwa ndani ya sentensi, na aandike pia mahali alipo msemaji. Mkazi wa Mbeya akisema "kesho naenda Bongo", kwa kawaida anakusudia Dar es Salaam. Mtanzania aliyeko London akisema "narudi Bongo", anakusudia nchi nzima.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka ilhali naiona kuwa ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko zote, ni kuchunguza upatanisho wa kisarufi, yaani namna maneno mengine ya sentensi yanavyolifuata neno hilo. Husemwa "ubongo wake unafanya kazi", kisha "bongo lake linafanya kazi", na tena "Bongo kuna joto". Sentensi ya kwanza inataja kiungo kilichomo kichwani. Ya pili imedondosha kiambishi u- na kulipa neno hali ya ukubwa, kama vile "mdomo" unavyogeuka "domo" na "mguu" ukawa "guu". Ya tatu imelihamishia neno kwenye upatanisho wa mahali, bila hata kuhitaji kiambishi cha mahali -ni, sawasawa na Tanga au Mwanza.

Baada ya umbo, tafuta daraja la maana, yaani kinachounganisha maana ya zamani na ile mpya. Wenyeji hueleza kwamba kuishi Dar es Salaam kunataka bongo, yaani akili ya kujitafutia riziki kila siku, na maelezo hayo yanaafikiana na sarufi tuliyoiona. Pasipo daraja la namna hiyo, kufanana kwa sauti hakuthibitishi lolote: ngoma za bongo za Cuba na mnyama bongo wa misituni havihusiani kabisa na jiji letu.

Ili kukadiria umri, angalia maneno yaliyozaliwa na neno lenyewe. Jina la muziki wa Bongo Fleva lilienea katika miaka ya 1990, kwa hiyo jina la mahali lilikwisha kuzoeleka kabla yake. "Mbongo" na "Wabongo" nayo yameundwa kama "Mganda" na "Waganda", jambo linaloonyesha kwamba wasemaji wanalichukulia neno hili kuwa jina kamili la nchi.

Hata hivyo, usiifute maana ya zamani katika daftari lako. "Bongolala" ni tusi kwa mtu mzito wa kufikiri, na ndani yake bongo bado limo kichwani.