Kabla hujasema kanda mbovu: namna ninavyoandika maoni juu ya nyimbo na filamu ninazonunua

Mimi ni fundi cherehani, Wete, Pemba. Cherehani changu cha kukanyaga kiko barazani na deki iko pembeni yake, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka magharibi nashona huku nasikiliza. Filamu natazama usiku nikishakunja kazi. Kila ninachokinunua kwa pesa yangu nakiandikia maoni kwenye daftari, na majirani wameshazoea: mtu akitaka kununua CD au DVD hupita kwangu kwanza. "Mama mdogo, hii umeshaisikiliza?" Nafungua daftari, namsomea. Mwenye duka mmoja hapa mjini naye huniomba vikaratasi avibandike kwenye rafu zake. Msimu wa karafuu pesa zikiingia, watu hununua kwa kutazama kava, kisha wanarudi na majuto. Ndiyo maana naandika hapa ninavyofanya, upate kufanya na wewe.

Nianze na kosa langu, kwani ndilo lililonifundisha. Zama za kanda nilinunua kanda ya taarabu ya mwimbaji ninayempenda sana. Nikaitia kwenye redio yangu, sauti ikatoka nzito, inakokota, kama mtu aliyeamka na mafua. Nikaandika: "Sauti imemwisha huyu." Binti wa jirani alikuwa amedunduliza pesa za kuinunua kanda ile. Nikamsomea, akaacha. Wiki chache baadaye, harusini, ikapigwa kanda ileile kwenye redio nyingine, na sauti ikatoka nyororo, imepanda, haina hata mkwaruzo. Nilirudi nyumbani usiku uleule nikaifungua redio yangu. Mpira unaozungusha kanda ulikuwa umelegea. Mpira ukilegea kanda huenda polepole, na kanda ikienda polepole sauti huteremka. Yule mama mwimbaji hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mpira, nami nikamtwika yeye.

Tangu siku hiyo kila ninachonunua nakitazama mara tatu: mashine yangu, nakala niliyouziwa, na kazi yenyewe. Nafuata mpangilio huohuo, mashine kwanza, kazi mwisho. Ukianza na kazi utamlaumu mtu kwa makosa ya wengine.

Mashine ni rahisi. Chagua CD moja na DVD moja unazozijua vizuri, ziweke kando, usiazime mtu. Mimi nina CD ya vyombo vya nyuzi, udi na kanuni, ninayoijua mpaka pale mpigaji wa udi anapogusa ubao wa chombo chake kwa ukucha. Kabla sijaandika kitu kibaya juu ya diski mpya, naitia hiyo kwanza. Ikitoka kama ninavyoijua, basi mashine ni nzima. Kama bado una redio ya kanda, futa kichwa chake kwa pamba na spiriti. Kikichafuka, milio ya juu yote hupotea, ukadhani fidla hazikupigwa. Diski ifute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usiizungushe kama unafuta sahani.

Kwenye nakala nakuomba ukae zaidi, maana wanunuzi wengi wanaibiwa hapa bila kujua.

DVD ya kawaida ya tabaka moja inachukua GB 4.7, na ya tabaka mbili inachukua 8.5. Filamu moja ya saa mbili inakaa humo kwa raha. Sasa ukiuziwa diski ya tabaka moja yenye filamu sita, piga hesabu: kila filamu inabaki na chini ya GB 0.8. Ili zitoshe, picha imebanwa. Utaiona kwenye giza na kwenye mbio: usiku unageuka vijisanduku vijisanduku, na mtu akikimbia anaacha mkia nyuma yake. Andika hivyo. Andika "diski ya sita kwa moja, mandhari ya usiku hayaonekani", lakini usiandike "filamu imepigwa vibaya". Mpiga picha huenda alikaa porini siku nzima akisubiri mwanga, na wewe hukuona alichokipiga.

CD za nyimbo ni hivyohivyo. CD ya kawaida ya muziki haizidi kama dakika 80. Ukiona diski imeandikwa nyimbo 100, ujue ni MP3 zilizobanwa, na zikibanwa sana kanuni ndiyo ya kwanza kuumia: mlio wake unakuwa kama unapigwa nyuma ya ukuta. Siku hizi watu wengi hujaziwa nyimbo kwenye flashi au kwenye simu. Maoni yako yaseme ulisikiliza kwa kitu gani, basi, huna haja ya maneno mengi.

Angalia pia sura za watu. Zikionekana zimenenepa kwa ubavu au zimerefuka kama zinavutwa, picha imenyooshwa kulingana na upana usio wake. Kabla hujalaumu diski, bonyeza remoti ya televisheni ubadilishe upana. Sura zikirudi, tatizo lilikuwa lako.

Na hili la muda liliwahi kunisumbua sana. Nilinunua DVD ya filamu ya Kihindi, halali kabisa, niliyoisoma mahali kuwa ni ya dakika 150. Nikatazama saa ya ukutani mwanzo na mwisho: dakika 144. Nikasema nimekatiwa. Nusura niandike. Kumbe senema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio tunaoutumia sisi, huenda picha 25 kwa sekunde. Mara nyingi filamu huharakishwa kidogo tu ili ilingane, na sauti nazo hupanda kidogo. Kila dakika 100 zinakuwa 96. Dakika 150 zinakuwa 144 kamili, na hakuna tukio hata moja lililotoka. Kwa hiyo ukiona pungufu la namna hiyo, nyamaza. Ukiona pungufu la dakika 20, hapo pana mkasi. Rudi utafute palipokatwa, uandike dakika yake: mtu yuko mlangoni, mara yuko ndani ya gari, wimbo umeanzia katikati.

Filamu zenye mtu anayetafsiri kwa sauti juu ya wahusika zina mambo yake. Bibi yangu hasomi maandishi ya chini, kwa hiyo bila mtafsiri hana filamu, na mimi siwadharau. Lakini sema kama mtafsiri anafuata maneno au anatunga yake, na kama bado unasikia nyimbo za filamu au amezifunika. Filamu ya Kihindi iliyofunikwa nyimbo ni pilau isiyotiwa viungo.

Sasa kazi yenyewe. Kwa muziki, sikiliza mara mbili kwa namna mbili. Mara ya kwanza mimi nasikiliza nikishona, kama watu wengi wanavyosikiliza, mikono ikiwa kazini. Natazama mguu wangu. Wimbo ukinishika, mguu husimama juu ya kikanyagio bila mimi kuuamrisha, na hapo natia alama ya chaki kwenye meza: wimbo wa ngapi, dakika ya ngapi. Mara ya pili nakaa bure, cherehani kimefunikwa, narudia pale penye chaki nitafute sababu. Ni ushairi? Ni fidla zimeingia? Ni ukimya? Sababu ndiyo inayoandikwa. "Wimbo mzuri sana" hata mtoto anaweza kusema, na mnunuzi hajui afanye nini nalo.

Kwa taarabu asilia sema bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ipo au haipo, vyombo ni vya mkono au ni kinanda cha umeme, mwimbaji anatamka au anameza maneno. Sema maneno yana mafumbo au ni mipasho ya wazi, maana mtu anayenunua kwa ajili ya harusi anahitaji kujua wimbo hautazua ugomvi. Lakini usiandike wimbo umelengwa kwa nani. Hayo si maoni juu ya wimbo, na ukishayaandika hutaweza kuyarudisha.

Ukisikiliza mambo ya zamani, jua yalivyotengenezwa. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za wakati ule zilichukua kama dakika tatu upande mmoja. Nimewahi kusoma mtu analalamika kwamba nyimbo za zamani "zimekatwa, fupi mno". Hazikukatwa na aliyetengeneza CD. Waimbaji wenyewe walilazimika kuubana wimbo uliokuwa mrefu uingie kwenye dakika hizo. Na yale mavumi unayosikia, kama mafuta yanayokaanga, ni ya santuri. Kinachofaa kuandika ni jinsi aliyehamisha nyimbo kwenye CD alivyoyashughulikia. Wapo wanaoyafuta yote mpaka na sauti ya mwimbaji inabaki kama imefungwa kitambaa. Mimi naona afadhali mavumi yabaki na sauti ibaki.

Tazama pia karatasi ya ndani. Hapa nina uchungu, na sitauficha. Visiwa vyetu vina vikundi vya kale vya taarabu; Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905. Lakini nakala nyingi tunazouziwa zina picha ya mwimbaji na namba ya simu ya muuzaji tu. Mpiga kanuni hana jina. Mtunzi wa shairi hana jina. Ukipata CD yenye karatasi iliyoandika nani kapiga nini, na maneno ya nyimbo, liandike hilo juu kabisa ya maoni yako, kwa sababu mwenye kununua hiyo analipia na kumbukumbu ya watu.

Kwa filamu, swali la kwanza la majirani zangu huwa moja: naweza kuitazama na wazee na watoto? Lijibu mwanzo kabisa, na ukiweza toa dakika. "Dakika ya 40 pana chumba cha kulala, dakika mbili hivi." Baba mtu atajua lini atoke kwenda kuchukua maji. Hilo linasaidia kuliko kuandika "haina maadili" halafu ukanyamaza.

Usiimalize hadithi. Mwenye kusema "Paukwa!" hatangulizi mwisho. Eleza robo ya kwanza tu: nani, anataka nini, nani amemzuia. Kisha eleza waigizaji kwa kitu ulichokiona kwa macho yako. Mimi niliwahi kuandika hivi juu ya mwigizaji mmoja: "Anapopewa habari ya msiba anaendelea kukunja nguo mpaka zinakwisha." Wateja watatu walinunua filamu ile kwa sentensi hiyo moja.

Sema pia ulitazama wapi. Nilikwenda Unguja mwaka mmoja wakati wa tamasha la filamu, lile lililoanza 1998, nikatazama Ngome Kongwe usiku, watu wamejaa kwenye ngazi za mawe, wanacheka kwa pamoja, juu mbingu. Nilitoka nikasema sijapata kuona filamu kama ile. DVD yake nilikuja kuitazama nyumbani peke yangu, umeme ukakatika mara moja, na nikaona nusu ya pili inajivuta. Niliandika yote mawili. Filamu ya kutazama na watu inaweza isiwe filamu ya kutazama peke yako, na mnunuzi wa DVD anakwenda kutazama peke yake.

Haya hapa maoni kamili kama yalivyo kwenye daftari:

"CD ya taarabu asilia, nyimbo 7, dakika 58. Nimeinunua Darajani, Unguja, si ya kuchoma. Nakala safi, ila wimbo wa 5 unakatika kabla kiitikio hakijakwisha. Nimeazima ya jirani, nayo ni hivyohivyo, basi kosa ni la waliotengeneza. Wimbo wa 2, dakika ya 4, fidla zinanyamaza zote, udi unabaki na ngoma ya dumbaki peke yao. Nilisimamisha mguu. Mwimbaji wa kike wa nyimbo za 3 na 6 anatamka kila neno, mtoto wa skuli anaweza kuyaandika. Wimbo wa 4 ni wa kinanda na ngoma za mashine, haukai na wenzake. Hakuna karatasi ya majina. Wa kucheza asinunue. Wa kukaa na kusikiliza, nunua."

Neno la mwisho huwa moja kati ya matatu: nunua, azima, acha. Sitoi nyota wala alama za mitihani. Mtu mwenye shilingi elfu tano mkononi hana la kufanya na nyota tatu na nusu, lakini "azima" anaielewa mara moja.

Chini ya kila maoni acha mistari mitatu mitupu. Rudi baada ya miezi sita uone kama bado unakubaliana na ulichoandika, kisha ongeza tarehe na neno lako jipya. Cha zamani kikate kwa mstari mmoja tu, kibaki kinasomeka. Ukurasa wa kanda ile ya mpira uliolegea bado ninao: "Sauti imemwisha huyu," imekatwa, na chini yake, "Redio yangu ilikuwa mbovu. Sauti nzima. Nunua." Kanda nilimnunulia yule binti mwenyewe. Alikuja akakaa barazani kwangu, tukasikiliza upande wa kwanza wote, cherehani kimefunikwa.