Kumfundisha mtu mzima Kiingereza: anzia kwenye kazi yake

Mwongoza watalii wa Bagamoyo anayetaka Kiingereza hana haja ya kuanzia kitabu cha watoto. Mwandikie sentensi sita za kazi yake, mfano: misheni ya Wakatoliki ilianzishwa 1868, mwili wa Livingstone ulipitia hapa 1874 kwenda Unguja, magofu ya Kaole yana misikiti na makaburi. Habari anaijua, akili yote inabaki kwenye lugha. Maneno mageni yakizidi matano kwa mia, punguza, la sivyo atatafsiri neno mojamoja na maana itampotea.

Dakika 45 mara tatu kwa wiki zinashinda saa tatu za Jumamosi. Soma wewe kwanza, yeye afuatishe kwa kidole, kisha asome peke yake. Aliyezoea Kiswahili hutamka kila herufi, kwa hiyo "arrived" itatoka "arivedi". Mwonyeshe kuwa "-ed" ya "worked" husikika t, ya "arrived" husikika d. Silabi huongezeka tu pale kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "visited".

Sarufi itoe kwenye makosa yake. Akisema "They didn't built", usimletee jedwali la nyakati. Andika "hawakujenga". Hapo "ku" imebeba wakati uliopita, "jenga" ikabaki ilivyo. "Did" nayo imeshaubeba, basi "build" irudi ilivyo. "He" na "she" ni suala jingine: kanuni anaijua, ila ulimi umezoea "yeye" isiyobagua. Fungua picha za ndugu zake kwenye simu, muulize harakaharaka nani anafanya nini, dakika tano kila kipindi. Humohumo utanasa "She sell fish" isiyo na "s" ya "sells", maana sikio lililozoea "anauza" halitegemei kitu mwishoni mwa kitenzi.

Usimkatize akiwa anasoma. Andika makosa pembeni, mwisho rudi na mawili tu. Akiwa mkubwa kwako, shikamoo yake iko palepale, na usimsahihishe mbele ya wageni wake. Aibu hiyo inatosha kumfanya asirudi.

Hatari ya matini anayoyajua ni kukariri. Kila baada ya wiki mbili vuruga mpangilio wa sentensi, badilisha mwaka mmoja makusudi, halafu umwachie asome. Asiposhtuka, hakuwa anasoma.