Rilei imeganda kwenye bodi? Ongeza risasi ya kulehemu kwanza

Jana nilikuwa natoa rilei (swichi inayowashwa na koili ya umeme) ya bodi ya friji hapa Mikindani, pini zimeota kutu ya kijani ya chumvi ya bahari, risasi haiyeyuki kabisa. Dawa yake chomoa umeme, yeyushia risasi mpya kidogo kwenye kila pini, ndo uivute na pampu ya kunyonya risasi, maana risasi ya kiwandani isiyo na ledi inayeyuka kama 217°C ila ya kwetu ya 60/40 (bati 60, ledi 40) ni kama 188 tu, zikichanganyika inalegea haraka na njia za shaba hazibanduki. Pini nene za 220V zinanyonya moto, solda (chuma cha kuyeyushia risasi) ya wati 25 itakushinda. Rilei mpya ilingane volti za koili, ampea na mpangilio wa pini. Na kama ya zamani haikuwa inalia "tik" usikimbilie kuibadilisha, pima volti za koili kwanza, zisipofika basi angalia transista inayoiwasha koili.