Fungua kwanza ukurasa wa sayari

Fedha za maktaba zikiwa kiduchu, anza na vitabu vya watoto ambavyo maarifa yake hayapitwi na wakati upesi. Kitabu kizuri cha wadudu, mifupa au volkano kitatumika miaka mingi. Cha kompyuta, anga za juu au ramani huzeeka haraka, kwa hiyo hicho kinunue kipya au kiache.

Mimi hukimbilia ukurasa wa sayari. Pluto ikiwa bado ni sayari ya tisa, yaliyomo ni ya kabla ya 2006, hata jalada ling'ae vipi. Kwenye ramani ya Afrika tafuta Sudan Kusini, iliyopata uhuru 2011. Fanya hivyo hata kwa vitabu vya msaada (hivyo hasa!), maana cha bure nacho hula nafasi na kumpotosha mtoto.

Kisha geuza kurasa za mwisho: kuna faharasa? Mtoto anayetaka habari za popo hatasoma kurasa 60 ili ampate.

Seti nzima zinavutia, lakini mara nyingi vichache tu ndivyo huazimwa. Uliza kama vinauzwa kimoja kimoja. Daftari la uazimaji nalo husema mengi: kama kitabu cha dinosaria hakikai rafuni, nakala ya pili ina faida kuliko mada mpya ambayo hakuna aliyeiulizia. Na chagua kilichoshonwa. Kilichobandikwa gundi tu huanza kumwaga kurasa mapema.