SOMO: Pima miguu ya mzee kabla mbavu hazijavunjika

Kila wiki naulizwa: "Baba kaanguka, mbavu zinauma, nimpe dawa gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kwa nini miguu? Marekani waliwafuatilia wanaume karibu 6,000 wa miaka 65 na kuendelea, kuanzia mwaka 2000. Karibu nusu ya waliovunjika mbavu walikuwa wameanguka tu wakiwa wamesimama. Si pikipiki, si mnazi. Miguu ikiisha nguvu, mzee akijikwaa hawahi kujidaka.

1. Kiti kigumu cha kimo cha goti. Kigoda hapana.

2. Mzee avue ndala.

3. Kiti kiegemee ukuta. Hapa ndipo nilipochemka. Nilimpima baba kule Kongwa kwa kiti cha plastiki, katikati ya sebule ya saruji. Mara ya tatu kiti kikarudi nyuma, mzee akakaa hewani. Kilichomwokoa ni fremu ya mlango. Hakunisemesha hadi chakula cha jioni, na alikuwa na haki. Kwa hiyo: ukutani, wewe simama ubavuni mwake, simu ya kuhesabia ashike mtu mwingine.

4. Mikono ikunjwe kifuani. Asimame wima, akae, mara 5, haraka awezavyo.

5. Zikizidi sekunde 15, nguvu zimepungua. Akishindwa bila kujishika, acha; umeshapata jibu.

Aliyefeli apelekwe akaangaliwe macho, presha na dawa anazomeza. Nyumbani afanye kusimama na kukaa kila siku, kwanza akishika meza.

MASWALI

– Mkuu sijasoma yote, dawa ya mifupa inaitwaje?
Soma yote.

– Tuna kigoda tu, kinafaa?
Namba 1.

– Babu yangu anachunga mbuzi mpaka leo. Haya mambo ya wazungu.
Mpime basi. Sekunde 15 hazina uzungu.

– Shikamoo kaka. Baba alivunjika ubavu mwaka juzi, akapona. Bado nimpime?
Marahaba mdogo wangu. Huyo ndiye wa kwanza kupimwa. Katika utafiti uleule, aliyewahi kuvunjika mbavu alikuwa na hatari ya mara mbili au zaidi ya kuvunjika tena, nyonga na kifundo cha mkono vikiwemo. Ukimpeleka hospitali litaje hilo, maana wazee hawalisemi.

– Sisi tulimfunga kitenge kifuani asisikie maumivu.
Msirudie. Akibanwa anavuta pumzi fupifupi, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Apewe dawa ya maumivu hospitalini, avute pumzi ndefu, akikohoa akumbatie mto. Homa, kuhema au damu kwenye makohozi: usingoje asubuhi.

– Wa kwetu huanguka usiku akienda choo cha nje.
Tochi chini ya mto, na nguzo ya kushika pale chooni. Fito ya mpingo haihitajiki, bomba la chuma linatosha.

– Na fimbo yake inateleza kwenye saruji.
Ivalishe raba ya tairi kuukuu. Ya ndala usijaribu, ikilowa ni sabuni.